Jike Atembee Kwanza

Nilidhani hasira itastaafu pamoja nami. Nilirudisha funguo za chumba cha dawa, nikavua viatu vya mpira nikaviacha mlangoni kwa atakayevitaka, nikarudi nyumbani Al Khoudh nikiamini kwamba sasa nitapanda mirihani yangu na kulala mchana kama watu wengine. Hasira ikanifuata na gari. Kila asubuhi nikiteremka kunywa chai naikuta imeshakaa mezani inanisubiri. Basi nimeona bora niiandike, niwaachie nyinyi mliobaki mabandani, kwa sababu nyinyi ndio mtakaoihitaji.

Sitawaeleza nilipanda cheo lini wala nani alinipa cheti gani. Vyeti viko kabatini, na hakuna farasi aliyewahi kuniomba nimwonyeshe hata kimoja. Nitawaeleza kazi moja tu kati ya zote nilizofanya: kutafuta dume wa kumpandisha farasi jike, ili azaliwe mtoto atakayeshinda mbio. Watu huiita kazi ya kuchagua dume. Hapo ndipo wanapopotea, kabla hata hawajavaa viatu.

Nilifika mabandani nikiwa daktari wa mifugo mpya, mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale kwa kazi ambayo si kufagia. Mabanda yako pale pale mnapoyajua, nje ya mji, mlima nyuma na mchanga mbele, lakini majlisi haikuwa kama mnavyoiona leo. Ilikuwa na kuta tatu tu. Upande wa nne ulikuwa wazi kabisa, ukitazama uwanja wa mchanga, na mtu aliyekaa kunywa kahawa alikuwa hana budi kuwaona farasi wakipita. Mwenye mali wakati huo alikuwa marehemu Mzee Rashid. Mkuu wa mabanda alikuwa Ami Saleh, mzaliwa wa Unguja kama mimi, mtu mfupi mwenye viganja vya mtu mrefu, ambaye ujanani alikuwa mwashi Mji Mkongwe kabla ya kuvuka bahari kuja huku kwa Waarabu.

Asubuhi ile ya kwanza walikuwa wanazungumza habari za jike kijana aitwaye Asumini. Mimi nimekaa karibu na mlango, nimejifunga mtandio vizuri, natafuta pa kuingilia. Nikapaona. Nikasema kwamba kuna dume mmoja maarufu nimesoma habari zake, na nikamtaja jina. Wakacheka wote, hata Mzee Rashid.

"Mpeni dele huyu binti," alisema Ami Saleh. "Keshataja dume."

"Nimekosea nini, Ami?"

"Hukukosea, umewahi. Kuwahi ndo kukosa kwenyewe. Mimina."

Ndipo nilipoijua sheria ya mahali pale. Haikuandikwa popote, na ilikuwa kali kuliko zote zilizoandikwa: dume asitajwe kabla jike hajatembea. Atakayetaja jina la dume huku jike hajaletwa uwanjani na kutembezwa mbele ya macho ya wote, huyo huchukua dele la kahawa akawamiminia wenzake, awe mkubwa awe mdogo. Nikashika dele kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, nikazunguka. Mnajua ada ya kahawa ya huku: mgeni akitosheka huitikisa finjani kidogo, na asipoitikisa unammiminia tena. Wote waliitikisa. Ami Saleh hakuitikisa. Alikunywa, akaninyoshea. Nikatia. Akanywa, akaninyoshea.

"Mpaka lini, Ami?"

"Mpaka unambie Asumini akianza kwenda hutanguliza mguu upi."

Sikujua. Alikuwa amepita mbele yangu asubuhi ile ile, nami nilikuwa nimeshughulika kumkumbuka dume niliyemwona gazetini. Asumini akaletwa, akatembea, nikaangalia huku dele linaniunguza. Mguu wa kulia. Nilipomwambia, Ami Saleh akaitikisa finjani yake mara moja, kama mtu anayefunga mlango taratibu.

Baadaye aliniambia maana ya ile sheria, na sijasikia hoja ya kuipinga mpaka leo. Jina la dume likishatajwa, alisema, macho hufa. Watu hawamwoni tena jike aliyesimama mbele yao, wanamwona mtoto ambaye hajazaliwa, ameshavishwa taji. Mzee Rashid mwenyewe, mwenye mali, akiponyokwa na jina, aliinuka bila kuambiwa akalitafuta dele. Mwanawe Nasir, wakati huo bado yuko skuli, alikuwa akijificha uso kwenye mto kwa kicheko akimwona baba yake anawamiminia masaisi, watunza farasi wake mwenyewe.

Chombo cha Ami Saleh kilikuwa kimoja, alichokuja nacho kutoka kwenye uashi wake: timazi. Uzi wa katani na kipande cha risasi mwishoni, kile wanachotumia waashi kujua ukuta umesimama sawa au unadanganya. Aliushusha ule uzi kando ya mguu wa mbele wa farasi, tangu begani mpaka kwatoni, akasubiri risasi itulie. "Farasi hana ubaya," alikuwa akisema, "lakini mguu wake una maneno." Baada ya timazi, mkono. Alilishika goti kwa vidole vyote, macho kafumba. Kisha alimpandisha jike kile kilima cha nyuma ya mabanda, mwendo wa haraka, akamwekea sikio ubavuni. Kisha alimnywesha maji pamoja na wenzake aone anagombana au anangoja. Hayo yote yakishakwisha ndipo husema: haya, sasa mtafutieni dume mwenye alichokosa huyu, na asiwe na kasoro aliyonayo huyu. Kasoro ya mama na kasoro ya baba zikiwa moja, mtoto hapati nusu. Hupata zote mbili.

Asumini alimzaa Rihani. Majike wa pale Ami Saleh aliwapa majina ya maua ya kikuba, kile kishada wanachovaa wanawake wa kwetu, asumini, rihani, kilua, mkadi. Wenyeji wakicheka anawajibu, "Mie kwetu farasi hakuna, maua yapo. Ntawapa nilicho nacho."

Rihani alizaliwa mweusi akageuka kijivu, na uzeeni akatapakaa vidoa vyekundu kama mtu aliyenyunyiziwa bizari. Kifua chake sijakiona tena kwa farasi yeyote. Nilikuwa nikimwekea sikio baada ya kilima, moyo wake unapiga kwa utulivu wa mtu anayetwanga nafaka bila haraka. Alikuwa mkali lakini, hapendi kubanwa na wenzake, na nguvu nyingi alizipoteza kwa kugombana nao njiani. Na alikuwa na kasoro moja. Ami Saleh alishusha timazi kando ya mguu wake, risasi ikatulia, na goti likaonekana limerudi nyuma ya uzi. Kidogo tu, upana wa kidole. "Hili goti," alisema, "litambebea mwili wake. Mbio nyingi halitambebea. Na mtoto wake msimpe baba mwenye goti kama hili, nnakwambieni, hata akiwa dume wa peponi."

Alikimbia misimu miwili, goti likavimba, akastaafishwa. Mzee Rashid akafariki. Ami Saleh akarudi kwa wanawe Matrah, akakaa kidogo, naye akamfuata Mzee Rashid. Aliniachia timazi yake ndani ya soksi.

Mabanda yakawa ya Bwana Nasir. Sitamsingizia; si mtu mbaya, na farasi wake hawakulala na njaa hata siku moja. Lakini alikuwa na duka la magari Wattaya, na mtu huangalia ulimwengu kupitia dirisha la duka lake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuziba ule upande wa wazi wa majlisi kwa vioo vyeusi, ili kiyoyozi kifanye kazi. Ukutani akatundika skrini kubwa. Tangu siku hiyo waliokaa majlisini waliweza kuona madume wa dunia nzima, ila hawakuweza kumwona jike aliyekuwa nje ya kioo, anawapungia mkia.

Sheria ya dele ilikufa bila mazishi. Majina ya madume yakawa yanatajwa tangu salamu.

Dume wa kwanza wa Rihani walimchagua kwa sababu rafiki yao mmoja alikuwa amempeleka jike wake kwa huyo huyo. Nilisema goti la dume huyo limerudi nyuma kama la Rihani. Nilisema nikiwa nimesimama, nikasema tena nikiwa nimekaa. Wakanijibu kwa heshima zote, "Inshallah kheri, Daktari," maneno ambayo kwa huku maana yake ni nyamaza. Mtoto akazaliwa mzuri wa kupigiwa picha. Siku moja asubuhi, akiwa mazoezini, hata si mashindanoni, goti lake likavunjika. Saisi wake alikuwa Elibariki, kijana wa Tanga ambaye nyote mnamjua. Mimi ndiye niliyempiga sindano ya mwisho, Elibariki amekipakata kichwa chake mapajani, anamwimbia kwa Kisambaa. Jioni tukaambiwa kwamba saisi alimkimbiza kwenye mchanga mgumu.

Mtoto wa pili, wa dume mwengine maarufu mwenye goti lile lile, hakufika hata mazoezini. Na hapo ndipo niliposikia neno ambalo hasira yangu yote imelala juu yake mpaka leo. Lilitoka kinywani kwa Bwana Hilal, rafiki wa Bwana Nasir, mtu mcheshi, huku anatafuna halwa.

"Mie nnavyoona," alisema, "tumbo la huyu jike bovu."

Na wenzake wakatikisa vichwa, wakimsikitikia Bwana Nasir kwa mkosi aliopewa na tumbo la jike wake.

Tumbo! Kwa sauti ile ile niliyoisikia utotoni kwenye kumbi za arusi na za talaka, shangazi zangu wakinong'onezana juu ya mwanamke aliyezaa watoto wa kike watupu. Mtoto akishinda ni mtoto wa baba yake, akivunjika ni wa tumbo la mama yake. Jike anabeba miezi kumi na moja, ananyonyesha, anamfundisha mtoto kuogopa na kutoogopa, na mtoto akifanikiwa jina la mama halipatikani hata kwenye tangazo. Nilitoka nje. Nilimkuta Rihani kasimama kwenye kivuli cha kile kioo cheusi, anajitazama. Nilikaa naye mpaka kivuli kikatuhama.

Msimu uliofuata walimtaka bingwa wa Ufaransa. Walimwona kwenye skrini. Nikaomba nionyeshwe magoti yake. Wakarudisha video nyuma, wakaipeleka mbele. Kila picha miguu yake imefungwa bendeji nyeupe, safi, kama maharusi.

"Mfungueni basi hizo bendeji," nilisema.

"Daktari," alisema Bwana Nasir, anacheka, "huyu baba yake bingwa, babu yake bingwa. Watu wanatazama injini, we unatazama tairi!"

"Gari likipasuka tairi kwenye kasi, Bwana Nasir, injini huenda wapi?"

Bwana Hilal alicheka mpaka akapaliwa. "Wallahi kakupata! Muajiri dukani!"

Walicheka wote, na mbegu zikaagizwa vile vile. Kumbukeni hili, nyinyi vijana: unaweza kumchekesha mtu na usimbadilishe hata unywele.

Mbegu zilikuja zimegandishwa, ndani ya mtungi unaotoa moshi wa baridi, nami nikafanya kazi yangu kwa uaminifu wote. Nawaambia hivi ili asije mtu akanong'ona. Nilimpima Rihani, nikakesha naye, nikazitia kwa wakati wake, kwa mkono ule ule ambao ungezitia mbegu za dume niliyempenda. Hazikushika. Wiki tatu baadaye nikarudia. Hazikushika. Mbegu zilizogandishwa huwa hivyo, mara hushika, mara hukataa, na kila daktari analijua hilo. Majlisini ilishaamuliwa kwamba jike kakauka.

"Msimu ukiisha auzwe," alisema Bwana Nasir. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu.

Mnajua jike mzee aliyetangazwa kakauka huuzwa kwa nani, na huko hufanyiwa nini. Sitaandika. Elibariki alinifuata chumba cha dawa, kasimama kizingitini na ndoo mkononi.

"Dokta, wakimuuza Rihani, na mimi naondoka."

"Utaondokaje, baba? Kafili wako, mwenye kibali chako cha kazi, si yeye huyo huyo?"

Akafikiri. "Basi nitabaki. Lakini nitanuna."

Na kweli alinuna. Mpaka farasi waliona.

Mimi nilikwenda kwa Bwana Nasir nikamwomba mara moja tu ya mwisho, kwa dume nitakayemchagua mimi. Kule Barka kulikuwa na farasi aitwaye Sabiri. Hana jina kubwa, rangi ya kahawia ya kawaida, kichwa kizito kidogo. Lakini alikuwa amekimbia misimu na misimu bila kuvimba hata kifundo, na mwenyewe, mzee mmoja mpole, alikuwa akimtumia kwenye ardha, ule mchezo wetu wa maarusini ambapo farasi wawili huachiwa mbio bega kwa bega na wapandaji wao wameshikana mikono. Farasi mgomvi haupati mchezo ule. Nilikuwa nimemwona Sabiri akipita kasi, mwenziwe kambana ubavuni, naye sikio halimchezi. Nikajua: huyu ana alichokosa Rihani.

"Dume wa maarusini!" alisema Bwana Nasir, anacheka. "Fanya utakavyo, Daktari. Hata ukimpeleka kwa punda, mie khalas."

Nilikipokea kile kicheko kama ruhusa, kabla hakijapoa. Siku ile ile tulimpakia Rihani, mimi na Elibariki, na timazi ndani ya mkoba. Tulipofika Barka nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yule mzee hakunipa nafasi. Hata salamu hazijamalizika, alisema:

"Jike wenu yuko wapi? Mteremsheni nimwone anavyotembea."

Ilibidi nigeukie upande wa mlima nijifanye natafuta miwani.

Alimtazama akitembea, akamtazama mgongoni, akalishika goti akiwa kafumba macho, na akasema yale yale ambayo Ami Saleh angeyasema. Kisha yeye mwenyewe akatuletea Sabiri, miguu mitupu, bila kitambaa, akamsimamisha kwenye jua. Elibariki akashusha timazi. Uzi ukaanguka katikati ya goti mpaka kwatoni kama umechorwa.

Rihani akashika mimba mara ile ile. Aliyekauka.

Mtoto alizaliwa alfajiri, jike, na kabla jua halijapanda ameshasimama ananyonya. Nikampigia simu Bwana Nasir.

"Nini?" aliuliza.

"Jike."

"Jike? Kafanana na nani?"

"Kafanana na farasi," nikamwambia, nikakata simu. Nilikuwa sina usingizi wala adabu.

Tukamwita Kilua. Rihani hakuuzwa mwaka ule kwa sababu ananyonyesha, wala mwaka uliofuata kwa sababu hakuna aliyekumbuka. Kusahauliwa, mara nyengine, ni dawa bora kuliko zote nilizozifungia kabatini.

Kilua alipoanza kukimbia ndipo watu wakauliza anatoka wapi. Magoti yalikuwa ya Sabiri, na ule utulivu wa kubanwa ubavuni bila kupepesa. Lakini mbio hakuzishinda kwa magoti. Alizishinda mwishoni, pale ambapo wenzake wamefungua midomo na mbavu zinapanda na kushuka, yeye ndipo anapoanza. Kifua kile nilikuwa nakijua. Nilikuwa nimekiwekea sikio, juu ya kilima, miaka mingi kabla yeye hajazaliwa.

Siku aliposhinda mbio zake kubwa nilikuwa uzioni, Elibariki kanishika bega anarukaruka kama kasahau mimi ni mkubwa wake. Mtangazaji akapaza sauti: Kilua, binti Sabiri! Akarudia: binti Sabiri! Bwana Nasir akazungukwa na maikrofoni, naye akaeleza kwamba siri ya mafanikio ni moja, kumchagua dume kwa makini, na kwamba yeye binafsi huwa hakurupuki.

Elibariki akanigeukia. "Dokta, na mama yake je?"

"Mama yake ana tumbo bovu," nikamwambia.

Hakucheka. Wala mimi.

Baada ya hapo mzee wa Barka hakupata tena usingizi wake wa mchana. Magari yalipanga foleni mlangoni kwake. Majike wasio na kifua, majike wasio na pumzi ya kupanda kilima kimoja, wote wakapelekwa kwa Sabiri wakazae Kilua. Sabiri hakuwa na pumzi ya kumgawia mtu! Alikuwa na magoti na subira, basi. Yule mzee aliniambia kwamba kila anayefika humwomba amteremshe jike amwone, na kila mmoja hushangaa, humwambia, wa nini, tumekuja kwa dume.

Mwisho ni siku yangu ya kuagwa, na baadhi yenu mlikuwepo, lakini mlikaa nyuma na huenda hamkuelewa kilichotokea. Majlisi ilijaa. Halwa, matunda, kiyoyozi kinavuma. Nilipewa picha ya Kilua ndani ya fremu nzuri, na chini yake imeandikwa kwa herufi za dhahabu jina lake na jina la baba yake. Nikashukuru. Kisha Bwana Nasir akasimama akasema ana zawadi nyengine, ya kunifurahisha mie hasa.

"Rihani hauzwi," alisema. "Nnamwona Daktari anavyompenda. Rihani sasa malkia! Mara hii tunampandisha ndege, tunampeleka mwenyewe Ufaransa, kwa yule yule bingwa. Mara ile tulikosa bahati tu."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshawaona watoto wawili wa yule bingwa kwenye mabanda ya jirani, na nilikuwa nimeyaona magoti yao, hayana bendeji, yamerudi nyuma kama la Rihani. Na kesho yake nilikuwa sina tena ruhusa ya kusimama pale na kusema. Rihani angekwenda, angebeba, angezaa mtoto wa kupakatwa kichwa na Elibariki, na tumbo lake lingelaumiwa kwa Kiarabu, Kiswahili na Kifaransa.

Niliinuka. Sikuwa nimepanga. Nikalichukua dele kutoka kwa kijana aliyekuwa akihudumia, nikavuka mikeka yote, nikaliweka mkononi mwa Bwana Nasir.

"Umetaja dume," nikasema, "na jike hajatembea."

Bwana Nasir akalitazama dele, akanitazama mimi, na shingo yake ikawa nyekundu. Ni Bwana Hilal aliyetangulia kusema, yule yule, na leo namsamehe nusu.

"Nasir, wallahi, Mzee Rashid angekuwa keshamimina!"

Sijui Bwana Nasir alikumbuka nini, ule mto aliojifichia uso au mikono ya baba yake. Lakini alikunja mkono wa kanzu, akashika dele kwa kushoto na finjani kwa kulia, akaanza kuzunguka. Watu wakacheka, wakampongeza, kila mmoja akanywa na kutikisa. Akanifikia mimi. Nikanywa. Nikamnyoshea. Akatia. Nikanywa, nikamnyoshea.

"Daktari, tikisa basi."

"Bado."

Akatia. Nikanywa ile kahawa chungu, moto, nikamnyoshea tena, na watu wakaacha kucheka.

"Mpaka lini?" aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Mpaka jike atembee."

Akasimama na dele lake. Kisha akamwashiria mtu wa mlangoni, na kile kioo cheusi kikasukumwa, kikalalamika kwenye reli zake kama kitu ambacho hakikuzoea. Joto likaingia, na harufu ya majani makavu na samadi. Elibariki alikuwa ameshamleta. Sikumwambia, nadhani alikuwa anasikiliza dirishani. Rihani akatembea mbele ya majlisi ile, mzee, mgongo umeshuka, vidoa vyake vyekundu vinang'aa juani, anatanguliza mguu wa kulia kama mama yake. Akaenda, akarudi, akasimama. Nikaitoa timazi kwenye soksi yake nikampa Elibariki, naye akaishusha kando ya mguu, akangoja risasi itulie.

Bwana Nasir alitoka akaja mchangani na viatu vyake vizuri, dele bado mkononi. Akachuchumaa. Aliutazama uzi muda mrefu, akalitazama goti lililorudi nyuma yake, akanyoosha kidole akaupima ule mwanya.

"Hili goti lake," alisema, "limekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu azaliwe, Bwana Nasir."

Aliinuka, akanimiminia tena, na safari hii hakutaja dume wala Ufaransa. Nikanywa. Nikaitikisa finjani.